Uzi: Banda la nyama ya moshi na mapishi ya Kikejuni kando ya barabara ya 90, Louisiana. Kwa nini wateja wake hawakubaliani?

#1 DerevaWaMasafa

Wakuu, salaam.

Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, makazi yangu ni Houston, na kwa karibu miaka minne sasa njia yangu ya kila wiki ni barabara kuu ya I-10 kutoka Texas hadi Baton Rouge. Kati ya Jennings na Scott, ukiiacha I-10 na kuingia barabara ya zamani ya 90 inayokwenda sambamba nayo, lipo banda moja la chakula lisilo na hata meza moja ya ndani. Lina dirisha la kuagizia, dirisha la kupokelea, tanuri la moshi la chuma nyuma ya nyumba, na uwanja wa changarawe ambako lori linaweza kuegeshwa bila kugombana na mtu. Jina lake silitaji, kwa sababu nina lawama kidogo za kutoa na sitaki uzi huu ugeuke kesi. Wanaopita njia hiyo watalitambua kwa harufu.

Ubao wao wa vyakula umegawanyika pande mbili. Kushoto ni nyama za moshi kwa mtindo wa Texas: kidari cha ng'ombe, mbavu za kitimoto, soseji na kuku. Kulia ni mapishi ya Kikejuni, yaani ya wazawa wa Wafaransa wa Louisiana: gumbo (mchuzi wa nyama au bamia unaoliwa na wali), jambalaya (wali uliopikwa pamoja na nyama), maharage mekundu na wali, budani (soseji ya nguruwe na wali inayouzwa kwa kipande), na msimu ukifika, krofishi, wale kamba wadogo wa maji baridi wanaochemshwa kwa pilipili pamoja na mahindi na viazi.

Kilichonifanya nianzishe uzi huu ni maoni ya wateja niliyoyasoma kwenye ramani ya simu, kwa maana mtu anaweza kudhani yanaeleza mabanda mawili tofauti. Mmoja anaapa kwamba hajawahi kula kidari laini namna ile tangu azaliwe, na anayemfuata anasema alipewa ngozi ya kiatu. Mmoja anaisifu gumbo kama ya bibi yake, mwingine anailaani kwamba ni maji ya chumvi. Nyota tano, nyota moja, nyota tano, nyota moja. Nyota tatu karibu hazionekani.

Mimi mwenyewe nimekwishasimama pale mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, nikapewa kidari ambacho sikuhitaji hata kukitafuna. Mara ya pili ilikuwa Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri, mbavu zikawa zimekwisha na kidari nilichopewa kilikuwa vipande vya pembeni, vikavu, kwa bei ileile. Mara ya tatu, Jumatatu mchana, nilichukua gumbo na maharage nikaenda kula ng'ambo ya daraja la Atchafalaya, na nilipofungua boksi nikakuta wali umekwisha kunywa mchuzi wote.

Wale wa nje ya kazi yetu wafahamu kwamba sheria inatutaka tupumzike angalau dakika 30 baada ya kuendesha kwa saa 8, kwa hiyo mlo wa barabarani si starehe, ni jambo la kupangwa. Naomba maoni ya waliowahi kula pale, au kwenye mabanda ya aina hiyo: mliagiza nini, siku gani, saa ngapi, na je, fedha yenu ilirudi?

#2 BintiUnguja

Kaka Dereva, nakushukuru kwa uzi. Banda hilo nalifahamu, tulipita na mume wangu na watoto tukitoka Houston kwenda New Orleans.

Maoni yangu yatakuwa ya upande ambao wengi hawauandiki. Sisi hatuli nguruwe, na tulidhani kwamba penye kidari cha ng'ombe na maharage hatutakosa chochote. Nilimuuliza binti wa dirishani kama maharage yana nyama, akanijibu kwa uchangamfu kabisa kwamba hayana. Tulipofungua tukakuta vipande vya soseji ya nguruwe vimetulia chini ya maharage kama vile ndio wenye sufuria. Nilirudi dirishani, si kwa ugomvi, nikamwonyesha. Alishangaa kwa dhati. Kwake yeye hiyo haikuwa nyama, ilikuwa kiungo cha maharage, kama sisi tunavyoweka nazi.

Walinirudishia fedha bila ubishi, na hilo nalisema kwa haki. Lakini watoto walikula mkate wa mahindi na saladi ya kabichi hadi New Orleans, na nyota zangu zilikuwa mbili. Kuhusu ladha siwezi kusema lolote, kwa kuwa sikuionja.

#3 Mkaa_Mwekundu

Wandugu, mimi ni Mkenya wa Dallas na nitasema ukweli wangu hata kama utawaudhi wapenzi wa moshi. Nimekula pale mara moja, na ilitosha.

Nyama choma ni jambo la macho. Unachagua mguu wa mbuzi ukiwa mbichi, unapimiwa mbele yako, unasubiri ukipiga soga, inaletwa juu ya ubao, inakatwakatwa, chumvi pembeni, kachumbari pembeni, ugali pembeni. Nyama hiyo ina meno yake na wewe una yako, na mnakutana. Pale nilipewa vipande vilivyofungwa kwenye karatasi kabla sijaviona, vilaini kama vya mtu asiye na magego, na pembeni kikopo cha sosi tamu ambayo ningeiweka juu ya mandazi. Juu ya hayo, nyama ilikuwa na rangi ya waridi kuzunguka ukingo, jambo lililonifanya niamini kwamba haikuiva.

Bei ilikuwa dola 29 kwa ratili moja ya kidari. Ratili moja haifiki hata nusu kilo! Kwa fedha hiyo, wakuu, ukiwa Kenyatta Market mnakula watu wanne na mnabaki na ya chai. Nilitoa nyota mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kivuli cha mti.

#4 MpishiWaUsiku

Nimesoma machapisho matatu ya juu kwa makini, kwa sababu kazi yangu ni hiyohiyo mnayoilalamikia. Ninafanya zamu ya usiku kwenye jiko la nyama ya moshi hapa Houston, mwaka wa sita sasa. Si banda lile, na sina maslahi nalo, ila mabanda yote ya aina hii yanafuata saa moja, na mteja asiyeijua saa hiyo atatoa nyota moja kwa haki yake bila kujua kosa lilikuwa wapi.

Nianze na kidari. Ni nyama ya kifuani mwa ng'ombe, sehemu inayobeba uzito wa mnyama siku zote, na kwa hiyo imejaa nyuzi ngumu. Ukiiweka juu ya mkaa mwekundu kama tunavyofanya na mbuzi, utaitafuna hadi kesho. Inawekwa kwenye tanuri ambalo moto wake uko pembeni, katika joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kwa saa 10 hadi 14, na kuni zake ni za mwaloni au mpekani. Katika muda huo zile nyuzi ngumu zinayeyuka na kuwa uteute mzito unaoilainisha nyama. Ndiyo maana inakuwa laini, ndugu Mkaa. Hakuna aliyekudhania huna magego.

Rangi ya waridi uliyoiona si ubichi. Kuni zinapoungua hutoa gesi ambazo hushikamana na ile chembe inayoipa nyama wekundu wake, na wekundu huo haupotei hata nyama ikiiva kupita kiasi. Kwa wenyeji, duara hilo ni alama ya kazi nzuri, ingawa sisi wapishi tunajua kwamba halina ladha yoyote. Kwa hiyo nakusihi usiihukumu nyama ya moshi kwa rangi, wala usiisifu kwa rangi.

Sasa saa. Nyama iliyotiwa motoni saa mbili usiku hutoka alfajiri, hufungwa kwenye karatasi, na hupumzishwa saa kadhaa kabla dirisha halijafunguliwa saa tano asubuhi. Mteja wa saa tano hadi saa saba anakula kilichokusudiwa. Baada ya hapo, kila saa inayopita nyama iliyobaki inakaa kwenye kabati la joto ikipoteza maji, na ikifika saa kumi alasiri kilichobaki ni ncha na pembe. Haiwezekani kupika nyingine, kwa maana nyingine itaiva kesho. Kwa sababu hiyo mabanda ya kweli hutundika kibao cha kwamba nyama imekwisha, na mteja hukasirika. Binafsi nakiheshimu kibao hicho kuliko kipande kikavu cha saa kumi na nusu alichouziwa kaka Dereva. Pale banda lilikosea: walipaswa kumwambia, au kumpunguzia bei, au kuzikatakata zile ncha na kuziuza ndani ya mkate. Kuuza pembe kwa bei ya moyo ni kosa la mwenye dirisha, si la tanuri.

Kuhusu bei: kidari kibichi cha kilo sita, ukikitoa mafuta ya ziada na kukipika, kinaweza kupoteza kati ya theluthi na nusu ya uzito wake. Ongeza kuni, ongeza mtu wa kukesha. Dola 29 si rahisi, lakini si wizi.

Sosi tamu nakuachia, hata mimi siipendi. Huku Texas sosi huwekwa pembeni kwa makusudi, ili uiache.

Neno langu la mwisho ni kwamba upande wa kulia wa ubao una saa tofauti kabisa na upande wa kushoto. Gumbo inapendeza zaidi ikilala, kama mchuzi wa maharage ya jana. Kwa hiyo yule aliyefika saa kumi na nusu akaagiza kidari, na, tuseme, mwingine aliyefika saa tano na nusu akaagiza gumbo iliyotoka kuungwa asubuhi ileile, wote wawili walichagua upande usio wa saa yao. Nadhani nyota zenu nyingi za moja na tano zinajificha hapo.

#5 Mkaa_Mwekundu

Mpishi, kuhusu rangi ya waridi nimekuelewa na naondoa shutuma. Kuhusu ulaini sijashawishika. Nyama isiyokupa kazi ni uji.

#6 DongodongoLafayette

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Lafayette, na banda hilo liko dakika chache kutoka kazini kwangu. Nakula pale pengine mara mbili kwa wiki, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa niaba ya wateja wa mtaa, ambao hawaandiki maoni kwenye simu.

Jambo la kwanza: sisi wa hapa karibu hatununui kidari. Kidari kipo kwa ajili ya wapita njia wa Texas, mpaka wa jimbo hauko mbali, na mwenye banda ni mfanyabiashara. Watu wa mtaa wanafuata sahani ya mchana, yaani nyama yenye mchuzi mzito juu ya wali pamoja na mboga mbili, ambayo hubadilika kila siku na huandikwa kwa chaki chini kabisa ya ubao, mahali ambapo mgeni hatazami. Jumatatu ni maharage mekundu, desturi ya tangu zamani huko New Orleans, ambako Jumatatu ilikuwa siku ya kufua na sufuria ya maharage ilijipikia yenyewe huku mama akifua. Ijumaa za Kwaresima utakuta foleni hadi barabarani, kwa kuwa eneo hili ni la Wakatoliki na siku hiyo wanauza samaki na etufe ya krofishi, ule mchuzi mzito wa siagi, vitunguu na pilipili hoho.

Jambo la pili ni gumbo, na hapa nitakawia kidogo. Wakejuni ni wazawa wa Wafaransa wa Acadia, ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia mwaka 1755, na ambao walianza kufika Louisiana katika miaka ya 1760. Lakini sufuria waliyoikuta huku haikuwa yao peke yao. Neno gumbo lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa limetoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo au jina linalofanana na hilo, ingawa wapo wanaolihusisha na Wachoctaw, wenyeji wa asili, waliowafundisha wageni kutumia unga wa majani ya sasafrasi kuufanya mchuzi uwe mzito. Mtu wa kwetu aliyezoea dongodongo, yaani bamia, akiweka kijiko cha gumbo ya bamia kinywani hahitaji kuelezwa. Nilipoionja mara ya kwanza nilimpigia simu mama yangu.

Sasa, yule aliyesema kwenye ramani kwamba gumbo ni maji, nadhani alitegemea gumbo ya New Orleans yenye nyanya. Ya huku haina nyanya. Inaanza na unga wa ngano uliokaangwa ndani ya mafuta, ukikorogwa bila kuachwa, hadi ugeuke rangi ya chokoleti. Kadiri unga unavyozidi kuwa mweusi ndivyo nguvu yake ya kufanya mchuzi uwe mzito inavyopungua, kwa hiyo gumbo nyeusi na nyepesi ni ya watu wanaojua. Kuhusu chumvi, hapo namuunga mkono mlalamikaji: mzee anayepika siku za Jumatano ana mkono mzito, na sote tunajua.

Krofishi msisahau msimu. Huanza karibu Januari na kuisha karibu Juni, na wazuri wenyewe ni wa Machi hadi Mei. Wengi hufugwa katika mashamba yaleyale ya mpunga mnayoyaona pande zote mbili za barabara mkipita Crowley. Mwaka 2024 walikuwa haba na ghali mno kwa sababu ya ukame wa mwaka uliotangulia, hadi gavana akatangaza hali ya dharura, na nakumbuka banda lilipokea lawama nyingi mwaka huo kwa bei ambazo halikuzipanga. Ukikuta etufe ya krofishi inauzwa Oktoba, soma ubao: tangu 2019 sheria ya Louisiana inautaka mgahawa uonyeshe kama kamba au krofishi wake wametoka nchi za nje. Pale huandika, kwa herufi ndogo, lakini huandika.

Kuhusu budani, Wakenya wafikirie mutura, ila bila damu na yenye wali ndani. Mji wa Scott, hapo karibu, ulipewa na bunge la jimbo mwaka 2012 jina la makao makuu ya budani duniani, na kila kituo cha mafuta kinauza ya kwake, tena wengi wanapenda ya kituo cha mafuta kuliko ya mgahawa. Ya banda letu naipa nafasi ya tatu. Huliwa kwa mkono, unaminya ujazo uingie kinywani na kuacha ngozi. Wageni wengi hutafuna ngozi na kisha kuandika kwamba budani ni mpira.

Nikiri kwamba mimi huhudumiwa vizuri kupita wengine, maana wazee wawili wa pale jikoni bado wanazungumza Kifaransa cha nyumbani, na Kifaransa changu cha Bukavu kinawafurahisha, ingawa wanacheka kila nikitamka namba. Kwa hiyo nyota zangu nne mzipunguze kidogo.

#7 ShilingiMoja

Swali langu ni fupi. Nimelipa kwa kadi, kishikwambi kikageuzwa upande wangu kikiniuliza kama natoa bakshishi ya asilimia 18, 20 au 25. Nimesimama nje, nimejibebea boksi mwenyewe, nimepigwa jua. Bakshishi ya nini? Juu yake kuna kodi ya mauzo, ambayo Louisiana ni kati ya zile kubwa kabisa Marekani. Sahani iliyoandikwa dola 15 ilinitoka kwa zaidi ya 19.

#8 MpishiWaUsiku

Ndugu Shilingi, hulazimiki. Mezani jambo ni tofauti, kwa sababu mhudumu anayetegemea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha serikali kuu ambacho hakijabadilika tangu 1991, na Louisiana haina kiwango chake cha juu zaidi. Wa dirishani kwa kawaida hulipwa mshahara wa kawaida, ambao kwa jimbo hilo unaanzia dola 7.25. Mimi huacha dola moja au mbili taslimu kwenye kopo, hasa nikiwa nimeagiza vitu vingi. Kile kishikwambi kina kitufe cha kukataa. Kimefichwa chini, lakini kipo, na hakuna mtu atakayekutemea mate kwenye wali.

#9 Mzee_wa_Beaumont

Nimejizuia kuandika kwa siku mbili, sasa naona niseme. Mojawapo ya zile nyota moja ni yangu.

Nilinunua gumbo ya kuku pale saa sita mchana, nikala nusu, nusu nikaiweka kwenye kiti cha abiria. Ilikuwa Julai. Nilishusha mzigo Baton Rouge, nikasubiri karatasi, na kiasi cha saa kumi na moja jioni nikamalizia. Usiku huo sitaki kuueleza. Asubuhi niliandika kwamba banda linauza sumu.

Nikisoma humu maelezo ya saa na joto nimeanza kujiuliza kama niliwaonea.

#10 MpishiWaUsiku

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, uliwaonea.

Chakula cha moto kikishuka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi kinaanza kuhesabiwa muda, nao ni saa mbili tu, na kunapokuwa na joto kali, kama ndani ya gari la Julai, ni saa moja. Wewe ulikipa tano. Wali hasa ni mbaya kwa hilo, kwa sababu una kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na kupikwa, na ukipashwa moto tena sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki. Siwezi kuapa kwamba jikoni kwao hapakuwa na kosa, lakini ushahidi ulio nao unaelekea kwenye kiti cha abiria.

Wenye malori wengi sasa wana friji ndogo ya kuchomeka. Gumbo iingie humo ndani ya saa ya kwanza, kisha ipashwe hadi ichemke.

#11 Mzee_wa_Beaumont

Marahaba. Nimeifuta ile ya nyota moja. Sijaweka nyingine, kwa kuwa nusu ya kwanza sikumbuki ladha yake.

#12 BintiUnguja

Dada na kaka, narudi na taarifa. Wiki iliyopita tulipita tena, na safari hii sikuuliza kama chakula kina nyama. Niliuliza kila chungu kimeungwa kwa nini, tangu mafuta ya mwanzo. Mwenye banda mwenyewe alikuja dirishani, na nakiri alijibu kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa. Maharage: nguruwe. Gumbo zote mbili: soseji ya nguruwe. Jambalaya: nguruwe. Wali wa maini: nguruwe. Mboga za majani: mfupa wa nguruwe. Viazi vya kukaanga: mafuta ya mimea, lakini karai ni lile la ngozi za nguruwe. Krofishi wa kuchemsha: soseji huingia kwenye sufuria ileile Jumamosi tu, siku nyingine hapana.

Kidari chenyewe ni cha ng'ombe na huwekwa rafu ya juu, nguruwe chini, ili mafuta yasidondokee, ila hakichinjwi kwa njia yetu, kwa hiyo kila mmoja na dini yake. Sisi tulichukua krofishi ratili sita, ilikuwa Jumanne, wakatuchemshia sufuria mpya kwa kuwa tulisubiri dakika ishirini. Mume wangu, ambaye kwao ni Makunduchi na kamba kwake si habari, alinyamaza hadi ratili ya nne.

Nimewaongezea nyota mbili. Ile ya tano itategemea siku watakapoandika ubaoni kilichomo, ili asiye na ulimi wa kuuliza asile asichokitaka.

#13 ShilingiMoja

Krofishi ratili sita, lakini ukivunja vichwa unabaki na nyama kiasi gani? Nauliza tu.

#14 DongodongoLafayette

Kama ratili moja, ukibahatika. Usipige hesabu ukiwa unakula krofishi, utaugua.

#15 DerevaWaMasafa

Wakuu, nimerudi baada ya kusimama mara ya nne nikiwa na ushauri wenu kichwani.

Nilifika Alhamisi saa tano na robo. Niliomba kidari cha upande wenye mafuta, ratili moja na nusu, kisichokatwa, kwa kuwa Mpishi aliniandikia pembeni kwamba nyama iliyokatwa vipande hukauka upesi kuliko pande zima. Binti wa dirishani alinitazama kama mtu aliyeomba mkate bila kupakwa siagi, lakini alinifungia kwenye karatasi mbili na foili juu. Niliomba gumbo na wali katika vyombo viwili tofauti. Hilo halikuwa na gharama yoyote, na nilijiona mjinga kwamba safari iliyopita sikulifikiria. Nilimuuliza pia kama gumbo ni ya leo au ya jana, akaenda kuuliza, akarudi akicheka: ya jana. Nikasema vizuri.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimwambia mwenye banda, kwa adabu, kuhusu ile Jumamosi ya saa kumi na nusu. Hakubisha. Alisema Jumamosi hawakeshi na tanuri la pili kwa sababu hana mtu, na kwamba vijana wa dirishani wanaogopa kusema nyama imekwisha kwa kuwa wateja huwafokea. Hakunipa kitu cha bure, na kwa kweli sikutaka, maana ningeonekana nimefuata hicho.

Nilivuka daraja la Atchafalaya, maili 18 juu ya maji na miti, malori tukiwa upande wa kulia kwa mwendo wa maili 55 kwa saa kama sheria ya pale inavyotaka, harufu ya mwaloni imejaa chumba chote cha dereva. Nilipoegesha, karatasi ilikuwa bado ya moto. Nilikata kwa kisu changu, kinyume na nyuzi. Wali ulikuwa wali na mchuzi ulikuwa mchuzi. Chumvi ilikuwa sawa, ingawa gumbo ilikuwa ya Jumatano. Saladi ya viazi ilikuwa mbaya kama siku zote, tamu na baridi, na katika hilo naona wateja wa nyota moja na wa nyota tano wamekubaliana bila kujuana.

Nimewaandikia maoni ya nyota nne, nikataja siku na saa, na nikaeleza kwamba kidari kiagizwe kabla ya saa saba mchana na gumbo wakati wowote.

Ndugu Mkaa, nimekuhifadhia kipande kwenye friji ya lori ili tumalize ubishi. Alhamisi ijayo napita tena, kisha naendelea hadi Dallas. Mzee wa Beaumont, nitakuwa upande wako Ijumaa asubuhi; kama unataka gumbo niambie kabla ya Jumatano usiku, na safari hii itakuja ndani ya barafu.

#16 Mkaa_Mwekundu

Leta. Kachumbari nitatengeneza mimi.